Kumwimbia, si Kumwekea: Hotuba kuhusu Kumchagulia Mtoto Mchanga Nyimbo za Jadi

Wazazi wenzangu, walezi, wakunga, walimu wa watoto wadogo, na ninyi mnaotarajia kuitwa baba au mama kwa mara ya kwanza, nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kusema nanyi.

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko jingine lolote, tangu nilipoanza kujishughulisha na nyimbo za jadi na watoto, huja karibu kila mara kwa maneno yale yale: "Nimwekee mwanangu muziki gani?" Ni swali jema, na huulizwa kwa mapenzi. Hata hivyo, naomba kabla ya kulijibu tukitazame kitenzi chake. Kumwekea mtoto muziki ni kubonyeza kitufe na kwenda kuendelea na shughuli nyingine. Kumwimbia ni kubaki pale alipo, uso kwa uso, pumzi kwa pumzi. Yote niliyokuja kuyasema leo yanatokana na tofauti hiyo, kwa sababu nimekuja kuamini kwamba anayemchagulia mtoto mchanga nyimbo anapaswa kwanza kuchagua kwa kinywa chake mwenyewe, na masikio yafuate baadaye.

Nina sababu ya kusema hivyo. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambalo mimi sichoki kulisimulia. Wazazi walifundishwa wimbo wasioujua, wakaenda nao nyumbani, wakawaimbia watoto wao wa miezi 5 kwa muda wa wiki moja au mbili. Kisha kila mtoto alioneshwa wageni wawili ambao hakuwahi kuwaona: mmoja aliimba wimbo ule wa nyumbani, mwingine akaimba wimbo tofauti. Wageni hao waliponyamaza na kumtazama tu kwa tabasamu, mtoto alimkazia macho zaidi yule aliyeimba wimbo anaoufahamu. Watoto wengine walijifunza wimbo huo huo kutoka kwa mwanasesere anayetoa muziki, na hao hawakuonesha upendeleo wowote kwa mgeni aliyeuimba. Masikioni wimbo ulikuwa mmoja, lakini kwa moyo wa mtoto haukuwa mmoja. Uliotoka kinywani mwa mzazi ulimwambia jambo kuhusu watu: anayeujua wimbo huu huenda ni wa kwetu. Uliotoka kwenye kifaa ulibaki kuwa sauti ya kupendeza.

Sisemi kwamba sauti iliyorekodiwa haiingii akilini mwa mtoto. Huingia, na huingia mapema kuliko wengi wetu tunavyodhani. Kuanzia takriban wiki ya 25 ya ujauzito masikio ya mtoto huwa yameanza kuitikia sauti, ingawa yale majimaji na mwili wa mama huzipunguza nguvu sauti nyembamba na kuziacha zile nzito zipite kwa urahisi zaidi. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland walieleza jinsi akina mama waliokuwa katika miezi ya mwisho ya ujauzito walivyocheza lahani moja ya kitoto mara kadhaa kila wiki, na jinsi ubongo wa watoto wao ulivyoonesha dalili za kuikumbuka lahani hiyo walipozaliwa, na tena walipofikisha miezi 4. Mtunzi wa Hungaria, Zoltán Kodály, ambaye maisha yake yote aliyagawa kati ya kutunga, kukusanya nyimbo za vijijini na kuwafundisha watoto kuimba, alikuwa akisema kwamba elimu ya muziki ya mtoto inapaswa kuanza miezi tisa kabla hajazaliwa. Baadaye aliisogeza nyuma zaidi, akasema ianze miezi tisa kabla ya kuzaliwa kwa mama yake. Kauli hiyo ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu inatukumbusha kwamba wimbo unaomfikia mtoto ulipaswa kwanza kumfikia mtu mwingine.

Kabla sijaenda mbali, niondoe njiani jambo moja linalowasumbua wazazi wengi bila sababu. Wapo wanaochagua muziki kwa nia ya kumwongezea mtoto akili. Imani hii ilivuma baada ya jaribio lililochapishwa mwaka 1993, ambalo halikumhusisha mtoto hata mmoja: waliopimwa walikuwa wanafunzi 36 wa chuo kikuu, waliosikiliza kipande cha muziki wa Mozart kwa dakika 10, na nafuu waliyoipata katika maswali ya maumbo ilidumu kwa muda mfupi tu. Hata hivyo, ilipofika mwaka 1998, gavana wa jimbo la Georgia nchini Marekani alikuwa tayari anaomba fedha za umma ili kila mtoto anayezaliwa apewe rekodi za muziki huo. Mimi nampenda Mozart. Ninachokiomba ni kwamba tusimgeuze mtoto kuwa mradi, wala wimbo kuwa dawa ya kijiko. Tunamwimbia mtoto kwa sababu yupo, na sisi tupo naye.

Kwa nini basi nyimbo za jadi? Kwa nini si wimbo wowote unaovuma wiki hii? Jibu langu linahusu namna nyimbo hizo zilivyotengenezwa. Wimbo wa jadi hauna mtungaji mmoja tunayeweza kumtaja, au kama alikuwapo, waliomfuata wameushika na kuubadili mara nyingi mno. Mstari uliokuwa mrefu kuliko pumzi moja ulikatwa na yule aliyeishiwa pumzi. Sauti iliyokuwa juu mno iliachwa na yule aliyekuwa amechoka. Neno lililokuwa gumu kutamkika lilibadilishwa na yule aliyelisahau. Ubeti usio na ladha ulipotea kwa sababu hapakuwa na mtu aliyejisumbua kuukumbuka. Kinachobaki baada ya vizazi kadhaa vya kazi hiyo, iliyofanywa na watu wasiojua kwamba wanafanya kazi yoyote, ni wimbo ambao mtu mwenye usingizi, saa tisa ya usiku, akiwa na mtoto anayelia begani, anaweza kuuimba bila ala, bila karatasi na bila kufikiri. Kodály na mtunzi mwenzake wa Hungaria, Béla Bartók, walipoanza kuzunguka vijijini mwanzoni mwa karne ya 20, wakiwa na mashine ya kurekodia sauti, walikuta sehemu kubwa ya nyimbo za kale zimejengwa juu ya sauti tano tu za ngazi ya muziki. Kodály na wanafunzi wake waliona kwamba nyimbo za sauti chache namna hiyo ndizo zinazomfaa mtoto anayeanza kuimba, kwa kuwa hazina zile hatua ndogo ndogo za sauti ambazo koo changa hushindwa kuzikanyaga sawasawa.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ninachowapa wazazi ni hicho cha saa tisa ya usiku. Uchukue wimbo unaoufikiria, uzime rekodi, kisha uimbe mara tatu mfululizo huku mikono yako ikiwa na kazi nyingine: unafua, unapanga vitu, unatembea. Kama umefika mwisho bila kukwama, na kama mara ya tatu bado hujauchoka, wimbo huo unafaa. Kama ulilazimika kukodoa macho ukitafuta maneno, au sauti ilikupasuka katikati, uuweke kando, hata kama ni mzuri na hata kama mwimbaji mashuhuri ameuimba vizuri mno. Na kama lahani inakupendeza lakini iko juu kwako, ishushe. Mtoto hana habari na ufunguo halisi wa wimbo, na hakuna atakayekuuliza.

Hapa wengi huniambia, tena kwa huzuni ya kweli, kwamba wao hawajui kuimba. Nawajibu kwamba mtoto wa miezi miwili hajawahi kusikia sauti anayoipenda kuliko yako, na kwamba hajakaa kulinganisha. Watafiti waliowachunguza wazazi wakiwaimbia watoto wao wamekuta kwamba wengi, wakiwamo wasiojihesabu kuwa waimbaji, hupandisha sauti kidogo, hupunguza mwendo na kuongeza uchangamfu au upole katika sauti yao wanapokuwa mbele ya mtoto, bila ya kuambiwa na mtu. Akina baba nawahimiza zaidi, maana mara nyingi huachiwa kazi ya kumrusha mtoto juu na kumchekesha, huku kumwimbia kukihesabiwa kuwa si kwao. Sauti nzito ya baba, mtoto akiwa amelazwa kifuani pake, haisikiki kwa masikio peke yake. Mfupa wa kifua wenyewe hutetema, na mtoto huupokea wimbo kwa mwili mzima.

Sasa, nyimbo ngapi? Chache. Nimeona orodha zenye nyimbo 100 zilizoandaliwa kabla mtoto hajazaliwa, na ninaheshimu bidii iliyotumika, lakini mtoto mchanga hahitaji maktaba. Nyimbo tano au sita zinatosha kwa miezi ya mwanzo, mradi zirudiwe. Sisi watu wazima ndio tunaochoka na marudio. Mtoto hujenga juu yake. Akishaujua wimbo, huanza kungojea kinachofuata, na furaha yake kubwa ni pale kinachofuata kinapokuja kweli. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal nchini Kanada, ulioripotiwa mwaka 2015, uliwachukua watoto wa miezi 6 hadi 9 na kuwasikilizisha ama wimbo, ama maneno yaliyosemwa tu, kwa lugha ya Kituruki ambayo hawakuizoea. Waliosikia wimbo walikaa wametulia kwa wastani wa dakika 9 hivi kabla ya kuanza kununa. Waliosikia maneno matupu walitulia kwa takriban dakika 4. Dakika tano za ziada ni nyingi kwa mtu aliyempakata mtoto anayengoja maziwa.

Katika hizo tano au sita, chaguo lililo zito zaidi ni la wimbo wa kulalia. Lugha yetu imelitunza jambo hili vizuri kuliko vitabu vingi. Neno kubembeleza linakaa jirani na kubembea: kumtuliza mtu kwetu ni kumpeleka huku na kumrudisha huku. Hata kutumbuiza, neno ambalo siku hizi tumelipeleka jukwaani, maana yake ya ndani ni kumliwaza mtu kwa kumwimbia. Basi wimbo wa kulalia uchaguliwe kwa kufuata bembea. Usimame, umpakate mtoto, uyumbe kama mwili wako unavyotaka kuyumba, kisha utafute wimbo unaoingia katika mwendo huo bila kusukumwa. Ndiyo maana bembelezi nyingi za dunia huenda kwa mapigo ya tatu tatu au sita, yale yanayokwenda na kurudi kama kiti cha kuyumba, na mistari yake huanza juu na kuteremka, kama mtu anayeshusha pumzi. Epuka wimbo unaomaliza kila ubeti kwa kupanda juu na kusimama, hata ukiwa mtamu, kwa maana huo unamwita mtoto aamke aone kuna nini.

Nyimbo za kuchezea zinafuata mwili pia, ila kwa njia nyingine. Mwaka 2005 watafiti wawili wa Kanada waliwachezea watoto wa miezi 7 mdundo usiokuwa na mkazo wowote ndani yake. Baadhi ya watoto walirushwarushwa kwa upole mikononi kila pigo la pili, wengine kila pigo la tatu. Baadaye watoto walipopewa nafasi ya kuchagua, walipendelea kusikiliza mdundo uliotiwa mkazo mahali pale pale ambapo miili yao ilikuwa imerushwa. Na watoto waliotazama tu mtu mwingine akirukaruka hawakupata somo hilo. Mwili ulilifundisha sikio. Kwa sababu hiyo mimi sichagui wimbo wa kuchezea ambao hauna kazi ya mikono, magoti au miguu ndani yake: nyimbo za kumpandisha mtoto farasi magotini, za kuhesabu vidole, za kupiga makofi, za kupiga makasia, za kusukuma na kuvuta. Nyimbo za kazi, ambazo wakubwa wameziacha kwa kuwa kazi zenyewe zimechukuliwa na mashine, zinapata maisha ya pili hapa, maana zilitungwa ili watu wasukume kwa pamoja, na hakuna anayependa kusukuma pamoja na wenzake kama mtoto wa miezi minane.

Nyimbo za mwito na kiitikio nazo zina nafasi yake kuanzia umri huo. Zina pengo ndani yake. Unaita, unanyamaza, unamtazama mtoto. Mwanzoni pengo unalijaza mwenyewe. Wiki moja baadaye utaona miguu ikipiga, au utasikia mguno mdogo mahali pale palipoachwa wazi. Ella Jenkins, mwimbaji wa Marekani aliyeaga dunia mwaka 2024 akiwa na umri wa miaka 100, alianza safari yake ya kuwarekodia watoto mwaka 1957 kwa albamu iliyosimama juu ya mtindo huo, na maisha yake yote alimwamini mtoto kuwa mwimbaji mwenzake. Msiharakishe kulijaza pengo. Mtoto mchanga hukawia kujibu, na mkubwa asiyevumilia humnyang'anya zamu yake.

Nimefika kwenye jambo ambalo huzua ubishi, nalo ni maneno. Wazazi wengi husoma beti za bembelezi za kale wakashtuka. Wana haki ya kushtuka. Miongoni mwa bembelezi za kale kabisa tunazozijua ni moja iliyoandikwa kwenye kibao cha udongo huko Babeli yapata miaka 4,000 iliyopita, na ndani yake mtoto anakemewa kwa kumsumbua mungu wa nyumba kwa kilio chake. Mshairi wa Hispania, Federico García Lorca, alitoa hotuba nzima mwaka 1928 mjini Madrid akijiuliza kwa nini nchi yake iliwalaza watoto kwa lahani za huzuni na maneno yanayochoma. Sehemu ya jibu lake aliiona kwa walioimba: yaya na watumishi maskini, wanawake waliobeba mizigo mizito, waliompa mtoto wa tajiri wimbo wa umaskini wao pamoja na maziwa. Japani nako ziko bembelezi ambazo ni malalamiko ya wasichana wadogo waliopelekwa kulea watoto wa watu wengine, mbali na kwao. Wimbo wa kumlaza mtoto ulikuwa mara nyingi ndio mahali pekee ambapo mlezi angeweza kusema ukweli wake, kwa kuwa msikilizaji wake alikuwa hajaelewa bado.

Mimi sioni kwamba huzuni ni kosa. Lahani ya huzuni hutuliza, na mlezi aliyechoka anahitaji naye kutulizwa. Utafiti mwingine wa Harvard, uliochapishwa mwaka 2021, ulionesha kwamba watoto wa Marekani waliosikilizishwa bembelezi za jamii za mbali, kwa lugha wasizozijua, mapigo ya moyo yao yalitulia zaidi kuliko waliposikilizishwa nyimbo za aina nyingine kutoka jamii hizo hizo. Kwa hiyo maneno siyo yanayofanya kazi hiyo mwanzoni. Ila msije mkategemea kutoelewa kwa mtoto kwa muda mrefu, maana kati ya miezi 6 na 9 huwa ameshaanza kutambua majina ya baadhi ya vitu vya kila siku, muda mrefu kabla hajayatamka. Wimbo unaodharau watu wa kabila au rangi fulani, unaomcheka kilema au unaosifu kipigo, mimi siuimbi hata kwa mtoto wa siku moja, kwa sababu nitauzoea mimi, na nikishauzoea nitauimba bado atakapokuwa na miaka mitatu. Dawa yake haiko mbali. Wimbo wa jadi unaruhusu ubadilishwe, na ndivyo ulivyotufikia. Toa ubeti mmoja, tia jina la mtoto, badili mnyama anayetisha awe mnyama anayepita tu njiani. Ukifanya hivyo hujauharibu. Umeshika zamu yako.

Tena, msijifungie katika nyimbo za kwenu peke yake. Watafiti Erin Hannon na Sandra Trehub walionesha mwaka 2005 kwamba watoto wa Amerika Kaskazini wa miezi 6 waliweza kutambua kasoro katika midundo ya Balkani, eneo la kusini-mashariki mwa Ulaya, ile isiyogawanyika sawasawa kwa mbili, sawa na walivyozitambua katika midundo waliyoizoea. Walipofika miezi 12, sikio lao lilikuwa limeshaegemea kwao, kama la wakubwa. Lakini watoto hao wa miezi 12, baada ya kusikiliza nyumbani muziki wa Balkani kwa wiki mbili, waliupata tena uwezo huo. Watu wazima waliopewa zoezi lile lile hawakuupata. Mlango haufungwi kwa siku moja, ila huanza kurudishwa mapema, na mwaka wa kwanza ndio wakati wa kumpitisha mtoto katika midundo ya tano na ya saba, uimbaji wa sauti nyingi unaofumana kama ule wa Waaka wa Afrika ya Kati au wa Georgia ya Caucasus, mbira, kora, filimbi, zeze. Kwa kazi hii rekodi zinasaidia sana, na ningekuwa mkaidi kuzikataa. Hazina zipo: kampuni ya Folkways ya New York, iliyoanzishwa mwaka 1948 na kuchukuliwa na taasisi ya Smithsonian mwaka 1987, imehifadhi albamu nyingi za watu wa mataifa mengi, zikiwamo nyingi za watoto, na maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika iliyoanzishwa na Hugh Tracey mwaka 1954 nchini Afrika Kusini ina rekodi ambazo pengine hazipatikani kwingine. Naomba tu kwamba wimbo wa watu wengine uulizwe kwanza unaimbwa lini na kwa ajili ya nini. Wako watu walioimbia watoto wao, kwa uso wa furaha, wimbo ambao kwa wenyewe ni wa kusindikiza maiti. Wimbo wa ibada au wa siri za watu wazima si wetu kuuchezea, hata kama lahani yake ni tamu.

Kuhusu sauti ya rekodi nitasema kwa ufupi lakini kwa msisitizo. Mwaka 2014 watafiti walipima mashine 14 za kumlaza mtoto kwa sauti, zikiwekwa umbali wa sentimita 30, na zote zilipofunguliwa hadi mwisho zilipita desibeli 50 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kiwango kinachopendekezwa kwa vyumba vya watoto hospitalini. Tatu kati yake zilipita desibeli 85. Spika isiwekwe kitandani mwa mtoto wala karibu na kichwa chake, na kama mnalazimika kuinua sauti ili kuzungumza juu ya muziki, muziki huo ni mkubwa mno kwake. Muziki ukiisha, kimya kifuate. Nyumba ambayo muziki hauzimwi tangu asubuhi hadi usiku humfundisha mtoto kutousikiliza. Na picha za kusindikiza nyimbo mwaka huu wa kwanza hazihitajiki: Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa.

Mtoto mwenyewe naye ni mchaguzi, na huchagua waziwazi. Akitulia na kukutazama mdomoni, endelea. Akigeuza uso, akipinda mgongo, akikunja ngumi au akianza kupiga miayo asiyokuwa nayo, amekwambia basi, na hilo si tusi kwa wimbo wako. Mtoto asiyesikia vizuri naye asinyimwe nyimbo. Mweke kifuani, mshikishe kooni unapoimba, mkalishe mkono juu ya ngoma au ubao wa gitaa, mwimbie kwa mikono na uso; mdundo si mali ya sikio peke yake.

Nina jambo la nyumbani mwangu la kuwasimulia. Mwanangu wa kwanza alipozaliwa nilimpigia simu mama nikamwomba maneno ya wimbo aliokuwa akitulazia. Aliukumbuka ubeti wa kwanza, akakwama. Alijaribu siku ya pili na ya tatu, akaniambia umekwisha, ameusahau. Alipokuja kumwona mjukuu, nilimkabidhi mtoto aliyekuwa akilia, akamweka begani, akaanza kuyumba, na beti zote nne zikatoka mfululizo, pamoja na mmoja ambao mimi sikuwahi kuusikia. Maneno hayakuwa kichwani mwake, yalikuwa mikononi. Tangu siku hiyo, ninapowatuma watu kuwauliza wazee wao nyimbo za zamani, huwaambia waende na mtoto, au angalau wampe mzee mto au nguo iliyokunjwa aipakate, wala wasimkalishe mbele ya kinasa sauti na kumwamuru akumbuke.

Najua kwamba humu ukumbini wapo wasio na mtu wa kumuuliza. Wapo waliolelewa bila wimbo, waliohamahama, waliofiwa mapema, waliokulia mahali ambapo hapakuwa na mtu mwenye nafasi ya kuwaimbia. Kwenu nasema kwamba mwaka 2013, katika wodi 11 za watoto njiti nchini Marekani, watafiti walifuatilia watoto 272, na miongoni mwa mambo waliyoyafanya ni kuwauliza wazazi wimbo wowote ulio wa maana kwao, kisha kuupunguza mwendo na kuuimba kama bembelezi, kwa sauti ya mtu aliye pale pale. Wazazi wengine walitoa nyimbo za kale, wengine nyimbo za mapenzi au za redio. Nyimbo hizo ziliwasaidia watoto, na wasiwasi wa wazazi ulipungua. Kwa hiyo chukueni lahani yoyote mnayoijua hadi mwisho, iwe ya shuleni, ya ibadani au ya mtaani. Ipunguzeni hadi iende na mwendo wa kuyumba kwenu, toeni maneno msiyoyataka, tieni jina la mtoto pale sauti inaposhuka. Mwimbieni usiku huu, na kesho wimbo huo huo, na kesho kutwa, bila kuubadili, hadi siku mtakapoanza kuuimba naye akageuza shingo kabla ubeti wa kwanza haujakwisha.